Asubuhi Moja Kando ya Mto, Korongoni Zion

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mahali gani jangwani ambapo familia yenye watoto wadogo inaweza kutembea bila watoto wala wazazi kuteseka. Jibu langu ni korongo la Zion, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, ambako tulikwenda na binti yetu wa miaka 5 na mdogo wake wa miaka 2, tukitokea Salt Lake City tunakoishi. Ila nina sharti: nendeni alfajiri, na mto uwe ndio safari yenyewe.

Wengi wakisikia habari za Zion huwaza kilele cha Angels Landing, ambacho tangu mwaka 2022 hakipandwi bila kibali. Njia yake ni nyembamba, ina minyororo ya kushikilia na maporomoko pande zote mbili. Mwenye watoto wadogo aachane nayo kabisa.

Sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kuingia ndani ya korongo, hivyo tulipanda basi la hifadhi, lisilotozwa nauli, tukashuka kituo cha mwisho. Hapo huanzia njia iitwayo Riverside Walk, inayoufuata mto Virgin kwa takriban kilomita 3.5 kwenda na kurudi. Imesakafiwa, na kigari cha mtoto tulikisukuma mbali bila taabu kubwa. Penye kuta zinazotoa maji, binti yangu aliweka kiganja juu ya jiwe, akakitazama kilivyolowa, akauliza ni nani aliyelimwagia maji. Nikamweleza kwamba mvua na theluji za huko juu hunywewa na jiwe la mchanga, zikashuka polepole mno hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji, ndipo zikatokeza ubavuni na kuotesha majani mabichi katikati ya jangwa. Tulikaa hapo nusu saa nzima, wala sijutii hata dakika moja.

Mto huo huo ndio unaohitaji hadhari. Mvua inaweza kunyesha mbali, nanyi mlipo mbingu ni nyeupe, kisha mafuriko yakaja ghafla, hasa kati ya Julai na Septemba. Kwa hiyo someni tangazo la hali ya hewa kabla ya kutoka, na mkiona maji yanageuka tope au yanabeba vijiti, pandeni mahali pa juu papo hapo. Isitoshe, tangu mwaka 2020 imefahamika kwamba mtoni humo kuna bakteria wanaoweza kutoa sumu, na wageni hukatazwa kunywa maji hayo au kuzamisha kichwa. Wetu tuliwaacha wachezee kokoto ukingoni tu, na hata hivyo mdogo alipopeleka ngumi mbichi mdomoni, mama yake alimdaka mkono.

Kiangazi joto huweza kupita nyuzi 38, kwa hiyo jua lilipofika chini ya korongo tulikuwa tumekwisha kurudi kivulini, tukifungua chapati tulizobeba. Kindi wakatuzunguka bila woga. Binti yangu alitaka kuwakatia kipande. Nikamweleza kwamba kuwalisha ni marufuku, kwa kuwa huzoea watu, wakawauma. Alihuzunika kidogo, kisha akaifunga chapati yake yeye mwenyewe, akairudisha mkobani.