Maswali ya wasomaji: Simu, zamu na dakika 15 za sala

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nafanya kazi hotelini Paje, kwa zamu. Biblia yangu imo kwenye simu. Nikiifungua nasoma mistari 2 tu, ujumbe wa kundi la kazini unaingia, nikija kushtuka nusu saa imekwenda kwenye video. Kuzima simu siwezi, msimamizi hupiga wakati wowote. Chumbani tunalala wanne, na Jumapili nyingi nakuwa zamu. Nifanyeje? (Mhudumu, Paje)

JIBU: Milele na milele, amina. Ndugu, kabla ya kuhangaikia asubuhi, tazama usiku wako. Wengi hununua bando la siku. Likibaki kidogo wanaona uchungu liishe bure, wanalimalizia kwa video mpaka saa 6. Aliyelala saa 6 akiamshwa saa 11 atasinzia tu kwenye sala, na hapo hakuna pepo wa kukemea, ni usingizi. Nunua bando la wiki ili usiku usiwe na kitu cha kumalizia.

Simu usiizime. Washa mpangilio wa Usinisumbue (Do Not Disturb), kisha kwenye orodha ya wanaoruhusiwa weka namba 2 tu, ya msimamizi na ya nyumbani. Wengi hukwama hapa: msimamizi anapiga kwa WhatsApp, wewe umezima data, haikufikii, kesho yake unaitwa ofisini. Mwombe saa hiyo apige simu ya kawaida. Jaribu kwanza kwa kuiweka humo namba ya mwenzako, akupigie uisikie simu ikilia, ndipo uiamini mipangilio yako. Biblia nayo uipakue yote ili ifunguke bila data. Ingawa kwa maoni yetu Agano Jipya dogo la karatasi lenye Zaburi linaishinda programu yoyote, kwani linaenea mfukoni mwa sare na hakuna ujumbe unaoingia humo.

Usianze na mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Yenye vitabu 66 ina sura 1,189, yaani zaidi ya 3 kila siku. Mwenye zamu akikosa siku 2, siku ya tatu anadaiwa karibu sura 10, na hapo ndipo wengi huacha kabisa. Anza na Injili ya Marko, sura 16, nusu sura kwa siku. Isome mara ya kwanza kimya, mara ya pili ukitamka kwa midomo, maana jicho huruka maneno ambayo ulimi hauwezi kuyaruka. Chagua mstari mmoja, uandike kwenye kikaratasi cha oda, utie mfukoni. Kusoma dakika 5, kimya 3, zilizobaki uombe kutokana na mstari huohuo. Likikujia wazo la kazi (nani hajabadilisha mashuka chumba namba fulani), liandike nyuma ya kikaratasi uendelee, ukilifukuza litarudi.

Kuhusu mahali, Yesu aliyefundisha kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango ndiye huyohuyo anayetajwa katika Marko 1:35 akitoka alfajiri kwenda mahali pasipokuwa na watu. Ufuo wa Paje maji yakipwa una nafasi ya kutosha. Ila sala usiifunge na maji kupwa, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ifunge na adhana ya alfajiri, ambayo huhitaji kuitegea kengele. Ukitoka zamu ya usiku, sali kabla ya kula, ukishashiba umelala.

Jumapili ina dawa rahisi kuliko unavyodhani. Mtafute mwenzako Mwislamu kabla ratiba ya zamu haijabandikwa: yeye akushikie Jumapili asubuhi, wewe umshikie Ijumaa mchana. Nendeni kwa msimamizi wawili pamoja. Ratiba ikishabandikwa, kila badiliko linaonekana usumbufu. Ikishindikana, na wewe ni Mkatoliki, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika.

SWALI: Nasikiliza mahubiri ya mtandaoni kutwa nikipika na kufua, lakini moyo mkavu. Watoto nao kila mmoja na simu yake. (Mama, Wete)

JIBU: Mama, mahubiri ya kutwa ni kusikiliza, na sala ni kuzungumza, hilo la pili ndilo lililopungua. Chagua mhubiri mmoja kwa wiki, umsikilize umekaa. Anayemaliza kila hubiri kwa kutaja namba ya kutuma sadaka, mwache.

Kwa watoto, baada ya chakula cha usiku simu zote, yako ikiwa ya kwanza, ziingie kwenye kikapu juu ya kabati. Someni Zaburi 119: ina mistari 176 katika mafungu 22 ya mistari 8, fungu moja kwa usiku. Watoto wapokezane mistari, mdogo asiyejua kusoma aurudie wa mwisho. Dakika 10 zinatosha. Zikizidi, wataanza kukitazama kikapu.