Punguza ukubwa, usipunguze bei: kuuza kazi za kukereza wakati pesa ni ngumu

Mama yule alisimama mbele ya meza yangu kama dakika tatu. Alilichukua bakuli la mninga, akaligeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, kisha akalinusa. Mtu akishanusa chombo cha mti ujue ameshakipenda. Akalirudisha taratibu. "Mwanangu, kazi yako nzuri, lakini mwezi huu mambo magumu." Nilikuwa nimeandika 60,000. Tangu asubuhi sikuwa nimeuza kitu, nikajikuta nasema, "Mama, lichukue kwa 35." Akanitazama usoni. "Kumbe hiyo 60 ulitaka kunilangua?" Akaenda zake.

Hayo yalikuwa maonyesho madogo ya mwisho wa mwaka 2020, hapa hapa Bagamoyo. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu mama alikuwa na haki. Bakuli lile lilinichukua karibu siku nzima kwenye mashine, ukiacha miezi ya kukausha mti, na kwa sentensi moja nilikuwa nimemwambia kwamba bei yangu ya kwanza ilikuwa uongo. Tangu siku ile sijawahi kukata karibu nusu ya bei ya kitu kilichokwisha kaa mezani. Ninachopunguza ni ukubwa wa kitu chenyewe.

Nayaandika haya kwa vijana wanaokereza, yaani wanaochonga mti ukiwa unazungushwa, na wanaochonga kwa mkono, wanaonipigia simu kila msimu wa maonyesho: "Fundi, hali hii, nilipie meza au niache?" Jibu langu ni lipia, ila usiende na mzigo uliokwenda nao mwaka ambao pesa ilikuwepo.

Mimi nilianzia kwenye matendegu. Mjomba wangu alikuwa na karakana ya vitanda vya miguu ya kukereza, vile ambavyo zamani bibi harusi wa Pwani hakuingizwa ndani bila kimoja. Vilipoingia vitanda vya chuma na vya mbao zilizonyooka, oda zikakauka. Nikahamia kwenye bakuli na vinara, nikawauzia wageni waliokuwa wakizunguka Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo kutoka Ngome Kongwe hadi Mtaa wa India. Bakuli kubwa karibu zote zilinunuliwa na watalii. Korona ilipokata safari za ndege mwaka 2020 nikabaki na rafu iliyojaa vitu ambavyo jirani zangu walivisifia tu. Mwaka 2022 wageni walikuwa wameanza kurudi, petroli nayo ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na kila kinachobebwa na gari kikapanda, kuanzia msasa hadi unga.

Kwa hiyo anayepita mbele ya meza yako leo ni jirani, mwalimu, mama lishe, kijana wa bodaboda aliyekuja na mtoto wake. Pesa anayo, ila ina kazi zake tayari. Hatailipia bakuli la kuweka juu ya kabati. Atalipia kitu atakachokishika kesho asubuhi jikoni, na akikishika akumbuke kwamba kile cha plastiki alichonacho kimevunjika mara mbili.

Kitu kilichoniokoa ni mti wa kusukumia chapati, na hata huo nilifundishwa na mteja. Wa kwanza niliutengeneza mnene, umenyooka mwanzo hadi mwisho, nikaung'arisha mpaka unateleza. Mama mmoja anayepika chapati karibu na stendi aliuchukua, akausukuma juu ya meza mara nne tano, akanirudishia. "Fundi, huu utanichosha mkono. Na umeupaka nini? Unga utanata." Akanionyesha kwa vidole: katikati uvimbe kidogo tu, ncha zichongoke ili aushike kwa viganja viwili bila kukunja ngumi, na usipakwe vanishi kabisa. Nilirudi karakana siku hiyo hiyo nikakereza mitatu, mmoja mmoja ukiwa mwembamba kuliko uliotangulia. Aliuchagua wa kati. Huo ndio umbo ninalouza hadi leo, kwa 7,000, na sijawahi kuurudisha nyumbani ukiwa umebaki.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza vitu 50 vya aina moja, peleka vitatu kwa mtu anayevitumia kila siku, ukae kimya umtazame anavyovishika. Sisi mafundi tunapenda kazi inayotuonyesha ustadi wetu. Mteja mwenye pesa kidogo anapenda kazi inayomwelewa mkono wake.

Baada ya huo, kinu kidogo cha vitunguu saumu na mchi wake. Halafu pia. Ndiyo, pia, ile ya kuchezea. Ninazikereza kwa vipande vya mpingo vinavyobaki kwa wachongaji wa vinyago, vidogo mno kwa kinyago lakini vizito kiasi kwamba ukivitupa majini vinazama. Uzito huo ndio unaoifanya pia ya mpingo izunguke muda mrefu kuliko ya mti mwingine wowote niliowahi kujaribu. Naiuza 2,000. Vumbi la mpingo lina ukali wake, jamani, fungeni barakoa. Mimi limewahi kuniwasha macho wiki nzima.

Pia hizo sizitengenezi nyumbani zote. Kwenye meza nyingi za maonyesho hakuna umeme wa kuaminika, kwa hiyo nilijitengenezea kerezo la upinde kama la wazee: kipande cha mti kinashikwa kati ya ncha mbili, mkono wa kulia unavuta upinde ambao kamba yake imezungushwa kwenye mti, mkono wa kushoto na kidole cha mguu vinashika patasi. Inachukua kama dakika kumi. Maranda yanaanza kuruka, watoto wanasogea, nyuma ya kila mtoto kuna mzazi. Simuiti mtu wala simpigii mtu kelele. Wakati pia inazunguka, mzazi ameshaanza kushika kinu.

Mti sasa. Hali ngumu inakushawishi uharakishe, na hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa najiandaa kwa maonyesho ya Saba Saba, nikakereza bakuli za mwembe uliokatwa wiki tano tu kabla. Zilipendeza. Moja ilinunuliwa na baba aliyekuja kutoka Dodoma. Hazikupita wiki tatu akanitumia picha: ufa kutoka ukingoni hadi kitakoni. Hewa ya kwetu ina unyevu wa bahari, ya Dodoma ni kavu, na mti mbichi ukifika kule unajikamua kwa pupa. Nilimtengenezea lingine nikamtumia kwa basi kwa gharama yangu. Alishukuru sana, ila nadhani hata angenitukana ingekuwa sawa.

Ninavyofanya siku hizi: gogo la mwembe likishapasuliwa napaka nta vichwani siku hiyo hiyo, kwa sababu ufa huanzia huko. Nakereza umbo la kwanza likiwa bado bichi, nikiacha unene wa moja ya kumi ya upana, yaani bakuli la sentimita 20 naliachia ukuta wa sentimita 2. Nalifukia kwenye maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, naandika tarehe, na kila wiki nalipima kwenye mizani ya duka la jirani. Uzito ukikaa pale pale wiki mbili tatu, mti umekauka. Kwangu huchukua miezi mitatu hadi mitano. Ndipo narudia kukereza kwa mara ya mwisho. Mwembe ni rahisi kupatikana, kila mwaka mizee inakatwa viwanjani kupisha nyumba, na mistari yake hakuna mninga unaoishinda kwa macho yangu. Mninga na mpingo nanunua penye risiti tu. Na kama unasafirisha magogo au mbao, uwe na hati ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mkononi; kwenye kizuizi hakuna maelezo yatakayokusaidia.

Hesabu. Vijana wengi hawapigi hesabu ya maonyesho, wanahesabu noti zilizo mfukoni jioni. Haya ni ya kwangu ya siku tatu za mwaka jana, kama yalivyo kwenye daftari: meza 50,000, nauli na mzigo kwenda na kurudi 24,000, chakula 21,000, karatasi na mifuko 10,000. Jumla 105,000, na hapo sijagusa mti, umeme wala msasa. Niliuza pia za kuchezea 14, miti ya chapati 9, vinu vidogo 5 vya 15,000, na bakuli moja la 45,000. Jumla 211,000. Ukiangalia haraka utasema ni jasho la bure. Lakini wiki mbili baadaye mwenye mgahawa aliyekuwa amechukua namba yangu aliagiza vibakuli 20 vya chumvi na achari kwa 8,000 kimoja. Hiyo ni 160,000 bila meza wala nauli. Tangu hapo kila kitu kinachotoka mezani kina namba yangu ya simu imechomwa kitakoni kwa waya wa moto.

Meza ikiwa ghali, changieni. Mimi huchangia na dada anayesuka mikeka ya ukili. Mikeka yake inakuwa kitambaa cha meza, vyombo vyangu vinakaa juu yake, na kila mmoja anamuuzia mwenzake anapokwenda kuswali au kula.

Angalia na kalenda. Januari kaa nyumbani ukereze, pesa yote ya mji imekwenda kwenye ada na sare. Katikati ya mwezi ni kavu kuliko mwisho wa mwezi. Kwa sisi wa Pwani, wiki za mwisho za Shaabani ndizo za vyombo vya jikoni: kila nyumba inajiandaa kwa futari, kinu cha zamani kimepasuka, mti wa chapati umepotea. Niliwahi kuuza zaidi katika wiki moja ya namna hiyo kuliko tamasha zima.

Kuhusu kupatana bei, najua mtaniuliza. Kwetu mtu asipopatana anaona kama hakununua. Simnyimi. Akiniambia, "Kaka, nipunguzie," namjibu, "Bei siwezi dada yangu, ila nitakuongezea," nampa pia ya mtoto. Ameondoka na nyongeza, na bei ya kinu imebaki ile ile aliyonunua jirani yake jana. Kwa vitu vikubwa nakubali mafungu. Mwalimu mmoja alilipia bakuli la 60,000 kwa miezi minne, 15,000 kila mwisho wa mwezi kwa lipa namba, bakuli likiwa kwangu na jina lake limebandikwa. Alipolichukua alikuja na mumewe na watoto wote. Lingekuwa limeuzwa 35 siku moja ya njaa, sidhani kama lingepokelewa vile.

Bado natengeneza bakuli kubwa, mbili tatu kila msimu, nazo huziweka katikati ya meza kwa bei yake kamili. Zinawavuta watu wasimame. Na mara nyingine, mtu hupita na pesa yake.

Leo asubuhi nimepasua mwembe ulioanguka kwa upepo nyuma ya shule. Nimepaka nta, nimeandika tarehe kwa chaki, vipande kumi na sita, vyote nimevihesabia Shaabani. Kama uko Bagamoyo na kiwanjani kwako kuna mwembe mzee unaokatwa, usiuchome mkaa kabla hujaniita. Nitakuja na msumeno wangu, na bakuli la kwanza litakalotoka humo ni lako.