Muuzaji anasema mke wake yuko kijijini

SWALI: Shikamoo wakili, nataka kununua nyumba Mbagala, hati ipo ina jina la mume peke yake na imebaki miaka 9. Dalali anasema mke yuko kijijini hana neno, tumalizane tu kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilipe? Na hiyo hati ikiisha nyumba inaenda?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usilipe hata advansi. Hati kuwa na jina la mume peke yake haimuondoi mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwahiyo huyo mama anaweza kuja kesho na kesi mahakamani wakati wewe ushapiga rangi na kuhamisha watoto. Apande basi aje asaini mbele ya wakili, nauli ni ndogo sana kuliko hasara yako. Mkataba uwe wa maandishi, mhuri wa mtaa hausafishi mauzo mabovu.

Halafu nenda ofisi ya msajili wa hati ufanye sachi rasmi, uone kama kuna rehani ya benki au zuio, hapo ndo wengi wanalizwa.

Miaka 9 isikutishe ila isaidie kushusha bei. Umiliki hutolewa kwa muda, mwisho miaka 99, na mmiliki anaweza kuomba kuongezewa. Omba mapema, na kodi ya ardhi isiwe na deni.