Shangazi, ile bia kwenye picha

Wiki iliyopita nilituma picha kwenye kundi la ukoo, nimesimama kituo cha basi hapa Hamburg saa moja asubuhi. Shangazi, shikamoo, wewe hukuniona mimi. Ulimwona kijana wa Kizungu nyuma yangu ana chupa ya bia. "Ndiyo mambo ya huko?" Binamu zangu wakauliza lao: polisi hawamkamati?

Hawamkamati. Ujerumani haina sheria ya nchi nzima inayokataza kunywa barabarani au bustanini. Bia na divai anauziwa hata kijana wa miaka 16. Pombe kali mpaka afikishe 18. Wenyeji wana na jina kabisa, Wegbier, yaani bia ya njiani. Ijumaa mtu anatoka kazini, anapitia kioski, anafungua kizibo kwa kiberiti cha gesi, huyo anajiendea.

Mwaka wa kwanza mimi nilishindwa. Nimekulia kwenye bia ya kukaa, na chupa haitoki baa kwa sababu ya kreti. Nikawa naificha kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko ndio uliofanya watu wanikodolee macho.

Nilipozoea, nikapitiliza. Nikapanda treni ya mjini na chupa imefunguliwa. Kumbe humo pombe imepigwa marufuku tangu 2011, na hata kuishika tu ikiwa wazi ni kosa. Nikalipa faini. Walikuwepo jamaa wawili wenye makopo yao, lakini aliyefuatwa kwanza ni mimi. Rangi yetu inaonekana kutoka mbali, sitawadanganya.

Vizuizi vipo, ila vimetawanyika, na kibao kimeandikwa Kijerumani. Kuanzia Aprili 2024 hata nje ya stesheni kuu huruhusiwi kunywa. Reeperbahn, mtaa wa starehe, usiku wa wikiendi chupa za kioo hazitakiwi, maana watu walikuwa wanapasuana nazo. Na ikishafika saa nne usiku, kelele zenu zitawaletea polisi kabla hata ya bia kuisha. Jirani wa huku hagongi mlango kwanza, anapiga simu.

Wanaoshtukizwa zaidi ni wa baiskeli. Unajiambia gari nimeliacha nyumbani, niko salama. Ukipimwa damu ikakutwa na pombe 1.6 kwa elfu, hiyo ni jinai hata kwenye baiskeli, na leseni ya gari inaweza kwenda. Kwenye gari lenyewe kikomo ni 0.5, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili ni sifuri.

Chupa tupu haitupwi. Ya bia ni senti 8 ukiirudisha dukani, kopo 25. Waungwana wanaisimamisha kando ya pipa ili mwokotaji asiingize mkono kwenye uchafu. Wengi ninaowaona wakiokota ni wazee, umri wako shangazi, na ni Wajerumani. Hilo hakuna aliyeniambia kabla sijapanda ndege.

Sasa, kwa kuwa mlitaka ukweli: kuzeni ile picha, tazameni kwenye benchi upande wa kushoto. Kuna chupa ya pili. Ni yangu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku.