Kununua risiva ya alumini na kuipaka mwenyewe

Kabla sijahamia Houston nilikuwa fundi wa madirisha ya alumini Tanga. Kwa hiyo nilipoingia katika hobi ya bunduki za AR-15 niliamini alumini naijua. Kumbe ile ya madirisha, ambayo kwa kawaida ni ya daraja la 6063, ni laini ukiilinganisha na inayotumika huku. Risiva, yaani kiunzi kikuu cha bunduki, nyingi nzuri ni za alumini ya daraja la 7075-T6, yenye zinki, iliyofuliwa kwa kugandamizwa na nyundo kubwa ya kiwandani. Nyingine huchongwa kutoka kwenye bonge la 6061-T6. Hizo zinapendeza macho, ila uimara wa 7075 ni karibu mara mbili. Kwa ya kwanza, nakushauri uchukue ya 7075 iliyofuliwa. Mara nyingi ndiyo ya bei nafuu pia.

Kwa asiyejua, risiva ya chini ndiyo sehemu inayobeba kifyatulio na magazini. Kwa sheria ya Marekani, kipande hicho peke yake, bila mtutu wala kitako, ni silaha kamili. Ndiyo maana kina namba ya utambulisho. Unakinunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, unajaza fomu 4473 ya ununuzi wa silaha, unachunguzwa kwenye NICS, mfumo wa serikali wa kukagua rekodi za wanunuzi ulioanza 1998. Jambo linalowashangaza vijana wetu ni hili: bunduki ndefu iliyokamilika muuzaji anaweza kumuuzia mwenye miaka 18, lakini risiva tupu ni mpaka 21.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliye na viza ya mwanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Ndugu akikuomba umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye hana karatasi, mkatalie hata kama mmetoka mtaa mmoja. Fomu inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na ukidanganya hapo ni kifungo, na kwa mgeni ni kufukuzwa nchini. Majimbo nayo hayafanani. Illinois na Washington zilipiga marufuku uuzaji wa bunduki za aina hii mwaka 2023, hivyo soma sheria ya unapoishi kabla ya kutoa hela.

Wengi hushawishika na zile risiva ambazo hazijamaliziwa kuchongwa, zinazouzwa kwa maneno kwamba hazihitaji namba. Mimi sizigusi. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono kanuni ya serikali ya 2022 inayobana biashara hiyo, na kwangu silaha isiyo na namba ni silaha isiyo na mwenyewe. Raha ya ufundi ninayoitafuta naipata kwenye uso wa alumini, kwa kununua risiva iliyokwisha kuchongwa na yenye namba, ila haijapakwa kitu.

Na hapo kwenye uso ndipo penye kazi. Kiwandani huzamishwa kwenye tindikali ya salfuri iliyopozwa, umeme ukapitishwa, hadi oksidi ngumu ikajijenga. Gamba hilo hufika mikroni 50 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nusu likizama ndani ya alumini na nusu likipanda juu. Nyumbani sikushauri ujaribu. Mimi natumia Cerakote, rangi ya kauri inayokaushwa kwenye oveni.

Risiva yangu ya kwanza ilibanduka rangi kwenye kona baada ya miezi michache. Nilikuwa nimeisafisha vizuri kwa asetoni, kisha nikaishika kwa mikono mitupu nikiitundika. Mafuta ya vidole tu! Sasa naiosha, naipuliza mchanga wa oksidi ya alumini namba 120, naiosha tena, naipasha moto ili mafuta yaliyojificha kwenye vitundu yatoke, na kuanzia hapo siigusi bila glavu. Muda wa kupaka wenyewe ni mfupi, maandalizi ndiyo yanayokula siku nzima.

Ziba matundu ya pini na nyuzi za kukazia (kama za skrubu) zilizo nyuma kabla ya mchanga na kabla ya rangi. Tabaka la mikroni 25 linaonekana si kitu, lakini ndani ya tundu linaongezeka pande zote mbili, pini ikagoma kuingia. Ukiilazimisha kwa nyundo unapasua rangi uliyoihangaikia. Cerakote ya aina ya H hukaa oveni nyuzi 121 za Selsiasi kwa saa mbili, nayo oveni iwe ya kazi hiyo tu, isiwe ile ya kuokea mikate ya familia.

Kwenye namba, puliza kidogo sana na usipitishe msasa kabisa. Kuifuta ni kosa la jinai la serikali kuu, na namba iliyojaa rangi mpaka haisomeki itakuletea maswali usiyoyahitaji. Na usiwaze kubeba kipande kama hiki kwenda nacho nyumbani likizo, eti ni alumini tupu. Bila vibali vya pande zote mbili, ni kusafirisha silaha.

Nikishamaliza naipiga picha namba, natunza risiti mahali pengine, na risiva inaingia kwenye sefu hata kama bado haina mtutu. Watoto wangu hawaijui namba ya kufungulia.