Kwa Nini Dansi za Ukumbini Zina Mabingwa wa Dunia Wawili?

SWALI: Mhariri, binti yangu wa miaka 14 anashindana katika walsi, tango na kwikstepu hapa Uingereza. Mwalimu wake ametuonya kwamba akijisajili upande mmoja huenda akazuiwa kucheza mashindano ya upande wa pili. Tena nimeona jozi mbili tofauti, katika mwaka mmoja, zikitangazwa kuwa mabingwa wa dunia. Nani hasa mwenye mamlaka juu ya dansi hizi? — Mama mzazi, Leicester.

JIBU: Hakuna mwenye mamlaka peke yake, na ndiyo maana mwalimu anawaonya. Vyombo viwili vinavyovutana ni Baraza la Dunia la Dansi (WDC) na Shirikisho la Dunia la Michezo ya Dansi (WDSF). Baraza lilianzishwa Edinburgh mwaka 1950, kwa jina jingine, likiwa mkusanyiko wa vyama vya walimu na wachezaji wa kulipwa. Shirikisho lilizaliwa Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1957 ili kusimamia wachezaji wa ridhaa. Kwa miaka mingi mgawanyo huo ulitosha, kwa kuwa mchezaji aliyetoka ridhaa na kuanza kulipwa alihama tu kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kilichovuruga mambo ni Olimpiki. Mwaka 1997 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho, na kwa desturi yake kamati hiyo hutambua chombo kimoja tu kwa kila mchezo. Utambuzi huo haukuiingiza walsi katika ratiba ya Olimpiki, lakini ulilipa shirikisho hoja kwamba dansi ni mchezo kama riadha, na kwamba wenye kuusimamia ni wao, si walimu wenye shule na kumbi. Baraza nalo halikukaa kimya: mwaka 2007 lilianzisha ligi yake ya wachezaji wa ridhaa, na shirikisho nalo likafungua kitengo cha wachezaji wa kulipwa. Tangu hapo kila upande umekuwa na ngazi zote mbili, na kila upande hutawaza mabingwa wake. Hao ndio uliowaona.

Kwa maoni yangu, ugomvi huu hauhusu dansi hata kidogo, maana hatua za foksitroti ni zilezile pande zote mbili. Unahusu nani atatoa leseni kwa mchezaji, nani atamteua mwamuzi, na ada ziende wapi. Upande wa baraza umelaumiwa kwa muda mrefu kwamba mwamuzi anaweza kuwa ndiye mwalimu anayelipwa na jozi anayoipa alama. Shirikisho, ambalo lilijitungia mfumo mpya wa alama kwa vigezo, limelaumiwa kwa ukali wake, kwani katika miaka ya mwanzo ya 2010 liliwabana wachezaji wake wasishiriki mashindano lisiyoyaidhinisha. Lawama zote mbili naziona zina msingi, ila hiyo ya pili ndiyo inayomuumiza kijana asiyekuwa na kura popote.

Ajabu ni kwamba dansi iliyofika Olimpiki kupitia shirikisho hilo ilikuwa breki dansi, Paris mwaka 2024, na haimo katika ratiba ya Los Angeles mwaka 2028.

Kwa hali ya Uingereza, fahamu kwamba Baraza la Dansi la Uingereza limefungamana na WDC, na kwamba tamasha la dansi la mji wa Blackpool, lililoanza mwaka 1920 na ambalo wachezaji wengi bado hulitamani kuliko taji lolote, hufuata kanuni za baraza hilo la Uingereza. Kabla ya kulipa ada ya usajili, mwombe mwalimu akuonyeshe kwa maandishi kanuni za msimu huu zinazohusu kucheza pande zote mbili, kisha umuulize binti yako ni mashindano gani hasa anayoyalenga, uchague usajili unaomfikisha huko.