Anza na daraja, bendera itakuja baadaye

Nchi yangu ya kwanza ya kubuni, ya mchezo wa vita wa mezani, ilikuwa na bendera, nembo, orodha ya marais na sare za gwaride. Nilipaka rangi kombania nzima ya vijisanamu, nikawapanga mezani, ndipo mwenzangu akaniuliza, "Hawa wanagombania nini?" Sikuwa na jibu. Tulirusha dadu mpaka upande mmoja ukaisha, na hakuna aliyetamani kurudia. Nawaandikia ninyi mnaotaka kuunda nchi ya kubuni ya zama zetu kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, msije mkapoteza mwaka mzima kama mimi.

Tafuta ugomvi kwanza, na uwe ugomvi juu ya kitu kinachoweza kuwekwa mezani kikaonekana. Nilifuta yote niliyoandika, nikabaki na mto mmoja kati ya nchi mbili nilizozipa majina Velmira na Ostrana, na daraja kuukuu linalobeba tani 20. Gari la deraya aina ya BMP-1 lina tani 13 hivi: linapita darajani, na kingo zikiwa na mteremko mzuri linaogelea lenyewe. Kifaru cha T-55 kina tani 36. Darajani hakipiti, na bila maandalizi kinavuka maji yenye kina cha mita 1.4 tu. Basi wenye vifaru wanahitaji kivuko cha maji mafupi, na mvua zikinyesha kivuko hicho kinapotea. Hapo tayari una kijiji kinacholinda kivuko, maofisa wanaohesabu siku za kiangazi, na wahandisi wanaotumwa usiku kupima kina. Mapambano manne au matano yametoka kwenye namba mbili.

Silaha nazo zina historia. Usimpe askari wako kila kijisanamu kilichokuvutia dukani. Jiulize nani aliiuzia nchi hii silaha, mwaka gani, na urafiki huo ulikufa lini. T-55 ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, BMP-1 katikati ya miaka ya 1960. Jeshi lililokatiwa vipuri mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, litakuwa na vifaru vingi ghalani na vichache barabarani, nalo litategemea pikapu zilizofungwa rashasha. Ukiamua kwamba nchi ilibadili rafiki katikati ya safari, wanajeshi wa kawaida watakuwa na bunduki za AK za Kisovieti na walinzi wa mpakani watabaki na FN FAL za Ubelgiji. Risasi za bunduki hizo haziingiliani: moja ni milimita 7.62×39, nyingine 7.62×51. Lori lililobeba masanduku yasiyo sahihi linatosha kabisa kuwa sababu ya pambano zima.

Kipimo cha vijisanamu kiamue ukubwa wa vita vyako, na hili wengi hulikumbuka wakiwa wameshanunua. Chukua meza ya sentimita 180 kwa 120. Kwa askari wenye kimo cha milimita 28, ambao wengi huwahesabu kama 1/56 (sentimita moja mezani ni sentimita 56 za kweli), urefu wote wa meza hiyo ni mita 100 tu. RPG-7, silaha ya begani ya kupiga vifaru, inaweza kulenga gari linalotembea hadi mita 300 hivi, maana yake inaimaliza meza yako na kuendelea. Kwa hiyo cheza mtaa, nyumba kwa nyumba, kikosi kidogo dhidi ya kingine, au ukubali sheria zinazofupisha masafa. Ukitaka kombania za vifaru zikizungukana, nenda kwenye milimita 6, ambako meza hiyohiyo kwa 1/300 inakuwa mita 540.

Ramani usiichore kutoka hewani. Chukua ya mahali pa kweli, igeuze kusini iwe kaskazini, badili majina. Hata majeshi yenyewe hufanya kazi namna hii: Jeshi la Marekani limefanya mazoezi kwa kutumia nchi za kubuni kama Atropia na Donovia, zilizowekwa juu ya ardhi halisi ya Kaukazi. Zamani zaidi walikuwa na adui wa mazoezi aliyepewa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa, kuwa lugha yake, ili asifanane na taifa lolote.

Uangalifu huo nauheshimu sana, nanyi naomba muuchukue. Tunacheza zama ambazo wajane wake bado wako hai. Kubadili herufi mbili katika jina la watu waliochinjwa kweli hakukufanyi mbunifu. Buni ugomvi wako mwenyewe: maji, reli, mgodi, uchaguzi uliopingwa. Na weka raia mezani. Siku ya soko, vijisanamu 20 visivyo na silaha hubadilisha kila uamuzi wa mwenye rashasha, mradi sheria zako zimwadhibu anayefyatua ovyo.

Majina ya miji yachukue dakika kumi; yasikike ya lugha moja, yatosha. Bendera ndiyo hii sasa, ichore.

Kisha weka daftari. Kilichovunjika kibaki kimevunjika mpaka mtu akijenge. Daraja langu lililipuliwa katika pambano la tatu, na hadi leo Ostrana wanavusha malori kwa pantoni moja, lori baada ya lori, huku mlima wa upande wa pili ukiwa mikononi mwa Velmira.